Binti wa Korogocho na Saa ya Kucheza

Wanangu wa Handeni na Korogwe, hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina watu wa kweli, na mmoja wao, ambaye ndiye hasa nataka mumjue, ni dada yenu Doreen Nabwire. Alizaliwa mwaka 1987 na kukulia Korogocho, Nairobi. Alicheza mpira mpaka mpira ukamfikisha Ujerumani na Uholanzi, kisha akatundika daluga na kurudi kuwafungulia wasichana wengine njia. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Kenya kucheza soka la kulipwa Ulaya.

Korogocho msiichanganye na Korogwe yetu. Korogwe ina Mto Pangani, ina mashamba ya mkonge yanayokwenda mpaka macho yanachoka, ina stendi ambapo mabasi ya Arusha na Moshi husimama abiria wakanunua chakula. Korogocho ni mtaa wa mabanda ya mabati, nyumba zimebanana, na jirani yake ni dampo kubwa la Dandora ambako hutupwa taka za jiji zima. Uwanja wa mpira huko ni kipande chochote cha ardhi ambacho bado hakijajengwa.

Kabla sijawaeleza alivyotoka huko, nina swali nataka mlishike mpaka mwisho. Kati yako wewe binti na kaka yako, nani ana saa ya kucheza?

Saa kumi na nusu, jua likianza kupoa, pitieni kiwanja chochote cha Chanika, Mkata, Kabuku, Manundu au Mombo. Wavulana wako kwenye chandimu. Magoli ni fito mbili huku na fito mbili kule, upande mmoja umevua mashati ili watambuane. Wasichana nao wapo, ila wanapita. Mmoja ana dumu la maji kichwani, mwingine kambeba mdogo wake mgongoni, wa tatu katumwa dukani na kuambiwa arudi kabla mate hayajakauka. Mara moja moja mpira hutoka nje ukamfikia yule mwenye dumu. Hulishika dumu kwa mkono mmoja, akaurudisha mpira kwa upande wa ndani wa mguu, moja kwa moja mpaka kwa aliyekuwa akiusubiri, na tone la maji halimwagiki. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Wavulana hata hawakushangaa, wakaendelea na mechi, na binti akaendelea na safari. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama, nikijiuliza ni viungo wangapi wa timu ya taifa wanaopita hivyo kando ya uwanja kila jioni.

Watu wa Handeni hawahitaji kufundishwa habari za kutafuta maji. Wazee watawaambia juu ya mradi wa HTM, uliokuwa ukivuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe na kuyapandisha Handeni, na jinsi mabomba na mitambo yake ilivyochakaa huku watu wakiongezeka. Siku hizi kazi ya kuufufua inafanywa upya. Mkubwa akizungumzia bomba, huzungumzia afya na kilimo, na ni sawa. Mimi naongeza jambo la tatu: bomba likifika karibu na nyumba, binti anapata saa yake. Na bila saa hiyo hakuna mchezaji.

Sasa twendeni Nairobi.

Mwaka 1987, mwaka uleule aliozaliwa Doreen, raia mmoja wa Kanada aitwaye Bob Munro, aliyekuwa Nairobi kwa kazi za mazingira, aliwaona watoto wa bonde la Mathare wakicheza mpira waliousokota wenyewe kwa mifuko ya plastiki na kamba. Ninyi mnaujua mpira wa namna hiyo, ila huku kwetu mara nyingi hufungwa kwa kamba ya katani. Haudundi. Ukiupiga kwa nguvu unapasuka. Kwa hiyo anayekua nao hujifunza kuuweka karibu na mguu na kuutuliza haraka, na siku akipewa mpira wa ngozi anakuwa tayari anajua jambo ambalo wengine hulipia makocha walifundishe.

Munro na vijana wa hapo wakaanzisha chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kinachojulikana kwa kifupi kama MYSA. Masharti yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Timu haikuishia kucheza tu, ilitakiwa pia kusafisha mtaa: kuzibua mitaro, kukusanya taka, kufyeka. Na usafi uliingia kwenye msimamo wa ligi. Timu iliyomaliza kazi yake ya usafi ilipata pointi 6, wakati kushinda mechi kulileta pointi 3. Fikirini ligi ya namna hiyo! Unaweza kuwa na mshambuliaji hatari kuliko wote, lakini kama timu yako haishiki reki na koleo, ubingwa utausikia kwa jirani.

Hata hivyo, kwa miaka ya mwanzo ligi hiyo yote ilikuwa ya wavulana. Wasichana waliingia mwaka 1992, na hapo ndipo MYSA walipogundua jambo ambalo nimekuwa nikilizungukia. Wasichana walipenda kucheza. Nguvu walikuwa nazo, na vipaji vilionekana mapema. Kilichokosekana kilikuwa muda. Baada ya shule walipika, walifua, walilea wadogo zao mpaka mama arudi kutoka kibaruani. Wazazi nao walikuwa na hofu: binti yangu anakwenda wapi, na nani, atarudi saa ngapi?

Wale makocha vijana wangeweza kukasirika na kusema wasichana hawako makini. Walichagua njia nyingine. Walibisha hodi nyumba kwa nyumba, wakakaa na wazazi, wakaeleza uwanja uko wapi, nani anasimamia, mazoezi yanaisha saa ngapi. Ratiba ya mechi ikapangwa kufuata kazi za nyumbani, ili binti amalize kwanza ndipo aende. Naipenda sana sehemu hii ya hadithi, ingawa haina bao hata moja. Watu hukumbuka mashuti, na kocha aliyekaa juu ya kigoda cha mtu akimwomba mama amruhusu binti yake kwa muda mfupi tu, hakuna anayemkumbuka. Wachezaji wa baadaye wa Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, walianza kupatikana kwenye vikao kama hivyo.

Doreen aliingia MYSA akiwa mtoto. Alikuwa kiungo. Kwa asiyejua, kiungo ni yule anayekaa katikati ya uwanja, mipira ya mabeki inapita kwake ikielekea kwa washambuliaji, na kazi yake kubwa ni kujua atakayempasia kabla mpira haujamfikia. Mwenye kucheza rede anaielewa kazi hiyo. Pale katikati unaporushiwa mpira kutoka pande mbili, unatazama mbele na bado unajua nyuma yako kuna nini.

Mwaka 2006, Kombe la Dunia la wanaume lilipokuwa likichezwa Ujerumani, jijini Berlin katika mtaa wa Kreuzberg kulifanyika tamasha la soka la mitaani. Timu zilitoka nchi nyingi, kila moja kutoka chama kinachotumia mpira kuwasaidia vijana wa mtaani kwake. Wavulana na wasichana walicheza timu moja, na mwamuzi hakuwepo. Ndiyo, hakuna kipenga. Timu mbili zilikubaliana zenyewe namna ya kucheza, na mtu akichezewa rafu walisimama wakamaliza wenyewe. MYSA ya Nairobi ilikwenda, Doreen akiwemo, na ikachukua ubingwa. Watoto wa mpira wa mifuko ya plastiki wakawa mabingwa Berlin!

Miaka michache baadaye Doreen alirudi Ujerumani, safari hii kwa kazi. Alisajiliwa na Werder Bremen, klabu ya kaskazini mwa nchi hiyo, kisha akachezea FC Zwolle ya Uholanzi, na baadaye 1. FC Köln, tena Ujerumani. Majina hayo kwenye karatasi ni mistari mitatu tu. Lakini fikirini binti wa Korogocho katika mji ambao Januari maji ya madimbwi hugeuka barafu, lugha si Kiswahili wala Kiingereza, na kila anayecheza namba yako amelelewa kwenye viwanja vya nyasi tangu utotoni. Huko kila wiki unapigania nafasi yako upya, na hakuna anayekuhurumia kwa sababu umetoka mbali.

Hapa nisimame kidogo niwapeleke Norwei, kwa maana bila nchi hiyo hadithi haijakaa sawa. Kila kiangazi mji wa Oslo huandaa mashindano makubwa ya mpira ya watoto na vijana, yaitwayo Norway Cup, yaliyoanza mwaka 1972. Uwanda wa Ekeberg hugawanywa viwanja vingi kwa pamoja. MYSA ilianza kupeleka timu huko mwaka 1990, na baadaye wasichana wake nao wakaenda. Kwa mtoto wa Mathare ilikuwa mara ya kwanza kuona wasichana wengi namna ile wakicheza, na watu wazima wakipiga makofi pembeni bila mtu kuuliza wanafanya nini pale.

Lakini msidhani Norwei ilizaliwa hivyo. Shirikisho la mpira la nchi hiyo liliukubali rasmi mpira wa wanawake mwaka 1976, na timu yao ya taifa ya wanawake ikacheza mechi yake ya kwanza mwaka 1978, dhidi ya Sweden. Uingereza, inayojisifu kuwa ndiko mpira ulikozaliwa, iliwafungia wanawake viwanja vya vilabu vya chama chao mwaka 1921, na wakakaa nje kwa karibu miaka 50. Kwa hiyo mtu akikuambia mpira wa wasichana huku kwetu umechelewa kwa sababu ya mila zetu, mwambie taratibu kwamba hata huko ulikochezwa mapema ilibidi mlango usukumwe.

Tazameni ulipofunguka kilichotokea. Mwaka 1969 alizaliwa binti aitwaye Hege Riise, katika mji wa Lørenskog karibu na Oslo. Alianza kwa kucheza na wavulana. Alikuwa na miaka 3 Norway Cup ilipoanza, na alikuwa na miaka 7 shirikisho lilipowakubali wanawake. Angezaliwa miaka 20 kabla, huenda tusingemsikia kamwe. Naye alikuwa kiungo, kama Doreen. Mwaka 1993 alikuwemo Norwei ilipotwaa ubingwa wa Ulaya. Mwaka 1995, kwenye Kombe la Dunia la Wanawake lililofanyika Sweden, Norwei ilianza kwa kuifunga Nigeria, mabingwa wa Afrika, mabao 8 kwa 0. Jamani, kwa Mwafrika matokeo hayo yanauma hata leo. Ikaendelea mpaka fainali, ikaifunga Ujerumani 2 kwa 0, bao la kwanza likiwa la Riise mwenyewe. Katika mechi 6 walifunga mabao 23 na kufungwa 1 tu, na Riise akapewa Mpira wa Dhahabu, tuzo ya mchezaji bora wa mashindano. Mwaka 2000 akaongeza dhahabu ya Olimpiki jijini Sydney. Alipostaafu alikuwa ameichezea Norwei mechi 188, akawa kocha, na mwaka 2022 akakabidhiwa timu ya taifa ya nchi yake.

Mechi 188! Norwei nzima ina watu milioni 5 na kidogo, karibu sawa na Mkoa wa Dar es Salaam peke yake. Walichokuwa nacho wasichana wake ni timu karibu na nyumbani na jioni za kwenda mazoezini, mwaka baada ya mwaka.

Na sisi Watanzania? Sisi tuna Twiga Stars. Mwaka 2010, chini ya kocha Charles Boniface Mkwasa na nahodha Sophia Mwasikili, walifuzu kwa mara ya kwanza mashindano ya ubingwa wa Afrika kwa wanawake, Afrika Kusini. Walipoteza mechi zote tatu: 2 kwa 1 mbele ya wenyeji, 3 kwa 2 mbele ya Mali, na 3 kwa 0 mbele ya Nigeria. Wapo waliocheka. Mimi sicheki, kwa sababu wale dada walikwenda kukutana na Nigeria wakati nchi yetu haikuwa hata na ligi kuu ya wanawake. Ligi hiyo ilikuja kuanza msimu wa 2016/17, na Mlandizi Queens wa Mkoa wa Pwani wakawa mabingwa wake wa kwanza.

Ligi ilipokuwepo, mambo yakaanza kubadilika. Mwaka 2022 wadogo zao, Serengeti Girls, walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Waliifunga Ufaransa 2 kwa 1, wakatoka sare na Kanada, wakaingia robo fainali. Julai 2025, Twiga Stars wakarudi tena kwenye fainali za Afrika, safari hii Moroko, na wakakutana tena na Afrika Kusini, ambao sasa walikuwa ndio mabingwa watetezi. Opa Clement akafunga kwa penalti, na mechi ikaisha 1 kwa 1. Hatukuvuka hatua ya makundi, lakini wapimeni wenyewe hao wa 2010 na hao wa 2025.

Turudi kwa Doreen, maana nilimwacha Ulaya. Maisha ya mchezaji ni mafupi. Anapofika miaka 30 na kitu, miguu huanza kumkumbusha kila mechi aliyocheza. Wengi wakifika hapo hupotea. Yeye alikuwa ameanzisha Girls Unlimited, taasisi inayotumia mpira kuwavuta wasichana wa mitaa kama Korogocho, wabaki shule na wajue haki zao. Baadaye Shirikisho la Soka la Kenya likampa kazi ya kuongoza idara ya soka la wanawake. Kiungo yule wa mabandani akawa ofisini, akipanga mambo ya wasichana wa nchi nzima. Nchi hiyo nayo ilikuwa imeonja fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, kule Kamerun.

Katika kazi ya namna hiyo, aliyewahi kucheza huona ambayo wengine hawayaoni. Anajua kwamba kikosi kikipewa jezi za wanaume zilizobaki, binti mwembamba atacheza akiivuta kaptula. Anajua kwamba mazoezi yakiisha baada ya giza, wiki inayofuata nusu ya timu haitakuja, na wala si kwa uvivu. Na anajua kwamba binti wa darasa la sita akiacha mpira sasa kwa sababu ya dumu na mtoto wa mgongoni, akifika kidato cha pili ni vigumu sana kumrudisha.

Basi nanyi nisiwaache hewani. Shule ya msingi mna UMITASHUMTA, sekondari mna UMISSETA, na mpira wa miguu wa wasichana umo humo. Mnaanza shuleni, mnakwenda kata, wilaya, mkoa, mpaka taifa, na huko kwenye mashindano ya taifa wapo watu wanaokaa pembeni na daftari wakitafuta vipaji. Anayetokea Handeni na anayetokea Korogwe wanaweza kujikuta timu moja ya Mkoa wa Tanga, wakipasiana.

Ninyi wavulana, jambo lenu ni moja. Dada yako akiwa na mazoezi Jumanne na Alhamisi, siku hizo mbili dumu ni lako. Utacheza siku zilizobaki.

Na ninyi mabinti, kesho kabla ya kengele mfuateni mwalimu wa michezo, mumsalimie vizuri, mumuulize timu ya wasichana inafanya mazoezi siku gani. Akisema hakuna timu, mpeni karatasi yenye majina. Msiandike kumi na moja tu, kwa kuwa kuna kuumia na kuna kutumwa nyumbani. Andikeni kumi na sita, na makipa wawe wawili.